Pigo huingilia ukingoni

Mwandishi wa makala kuhusu skrini za simu amesifu ugumu wa kioo, lakini ukingo ameupita haraka mno, na huko ndiko skrini nyingi zinakoanzia kupasuka. Kioo cha simu huimarishwa kwa kuchovywa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa: ioni kubwa za potasiamu huchukua nafasi za ioni ndogo za sodiamu, uso ukajibana, na ufa ukapata shida kufunguka. Ila kila kioo kina mahali kilipokatwa, na hapo hubaki nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Simu ikiangukia kona, nguvu nyingi huenda huko. Zamani fremu pana ndiyo iliyolipokea pigo kwanza.

Skrini ifike pembeni, sawa, mimi pia naipenda hivyo. Lakini fremu iinuke kidogo kuliko kioo, na katikati pawe na ukanda wa plastiki laini. Samsung walienda kinyume: walipinda kioo ubavuni kwenye simu ya Galaxy S6 Edge mwaka 2015. Kwenye S24 Ultra ya 2024 wakarudia kioo bapa, nami nikafurahi kwa dhati. Kwa sasa nunueni kava yenye mdomo ulioinuka mbele. Protekta peke yake hailindi kona.