Jiwe Letu na Asili Yake

Kila taifa lenye majengo ya kujivunia hulijua jiwe lililoyajenga. Wahindi hujua kwamba marumaru nyeupe ya Taj Mahal ilitoka Makrana, katika Rajasthan. Wagiriki hujua kwamba nguzo za Parthenon zilichongwa kwa marumaru ya mlima Penteli. Sisi je? Wapo wengi miongoni mwetu wasiojua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa jiwe gani, lakini wakiulizwa ni nani aliyeujenga hujibu upesi: wageni. Upotofu huo hauna budi kupingwa.

Jiwe la Kilwa ni matumbawe, nalo ni la namna mbili. Liko gumu, lichimbwalo nchi kavu katika miamba ya kale, ambalo ndilo la kuta. Liko na laini, litolewalo baharini na kuchongwa lingali bichi, kwani likikauka huwa gumu; hilo ndilo lililofanyiwa miimo ya milango na nakshi za kibla. Matumbawe hayo hayo, yakichomwa juu ya rundo la magogo, hutoa chokaa ya kuyaunganisha. Boriti zilizobeba dari nyingi ni za mikoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba. Jiwe, chokaa na mti, vyote ni vya pwani hii.

Wataalamu wa enzi ya ukoloni waliyaona magofu haya, wakahukumu kuwa wajenzi wake walitoka Arabuni au Uajemi. Uchimbaji uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, miaka ya 1980, uliidhoofisha sana hoja hiyo. Pale misikiti ya kwanza ilikuwa ya miti na udongo. Baadaye, mahali pale pale, ikajengwa ya mawe. Huo ni ufundi uliokua hatua kwa hatua mikononi mwa wenyeji. Hatukanushi kwamba wageni walifika, wakaoa na kuzikwa hapa. Tunachokanusha ni kwamba mwenyeji alikuwa mtazamaji tu.

Atasema mtu: jiwe ni jiwe, na saruji ni imara kuliko chokaa. Hajui asemalo. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji huufungia ndani unyevu na chumvi, na jiwe likamomonyoka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakutolewa humo hadi mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi.

Basi, asili ya jiwe hili na ilindwe kwa vitendo. Asiyakate mtu matumbawe yaliyo hai, maana ndiyo makao ya samaki. Ukarabati utumie mawe yaliyoanguka na miamba ya nchi kavu. Asibebe mtu jiwe la gofu kwenda kujengea nyumba yake. Waashi wajuao chokaa wapewe vijana wa kuwafundisha. Na mwalimu wa historia asitosheke kutaja masultani. Awataje pia wachongaji, wachomaji chokaa na wakata mikoko. Wahenga walisema kweli: mwacha asili ni mtumwa.