Likasi: mawe yasisagwe kabla ya kusomwa

Kwa wengi mjini Likasi, jiwe ni shaba ao kobalti; lisilo na madini linatupwa. Hapo ndipo kuna kosa. Miamba ya Kambove na pande zingine za Haut-Katanga ina stromatoliti: tabaka zilizojengwa ndani ya maji na vijidudu visivyoonekana kwa macho, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, wakati hata samaki hawakuwepo.

Mvua inapokula mwamba huo, tabaka hujitokeza kama kitunguu kilichokatwa. Lakini malakiti nayo ina miviringo kama hiyo, na haikujengwa na kiumbe chochote. Ili kuzitofautisha, jiwe lioshwe kwa maji na burashi laini, si maji ya betri, kwani asidi hula dolomiti pamoja na alama zake. Na kabla ya kuling'oa, upande wa juu utiwe alama na jina la shimo liandikwe.

Union Minière ilianzisha mjini humo jumba la makumbusho ya mawe. Gécamines na vyuo vikuu wapokee mawe haya kutoka kwa wachimbaji wadogo, na wawalipe. Mwenye njaa hatalibeba bure.