Malisho na Mimea: Kijani cha Nakuru Kikipimwa

Mtu asimamaye juu ya jabali la Baboon Cliff, upande wa magharibi wa Ziwa Nakuru, huona chini yake nchi ya kupendeza, naye akiwa mfugaji huenda akasema moyoni ya kuwa hapa majani ni tele. Macho yake hayakumdanganya kuhusu rangi, lakini rangi si hesabu. Kando ya maji, penye udongo wa magadi, huota nyasi fupi za aina chache zivumiliazo chumvi. Nyuma yake husimama migunga yenye magome ya manjano. Mahali pakavu penye mawe pameshikwa na leleshwa, na katika miteremko ya mashariki umo msitu wa euforbia, miti yenye utomvu mweupe wa sumu na matawi yaliyosimama kama vinara. Hayo ni makao manne mbalimbali, na kila moja lina hesabu yake.

Kazi ya kuyapima haihitaji mitambo. Mpimaji huchukua fremu ya mbao au ya chuma, mita 1 kila upande, akaiweka chini mahali palipochaguliwa kwa kura, wala si mahali palipompendeza. Sharti hili ndilo livunjwalo mara nyingi, kwa maana mkono wa mwanadamu hupenda kuiweka fremu penye majani mazuri na kukwepa miiba. Kisha huandika kila aina iliyomo, na idadi ya kila moja. Fremu hiyo yatosha kwa nyasi. Kwa migunga hutakiwa kiwanja kikubwa zaidi, mathalan mita 20 kwa 20. Na ili ajue kama kiwanja chatosha, hukiongeza maradufu, na tena maradufu, hata aone ya kuwa aina mpya hazipatikani ila kwa nadra.

Jinsi ardhi ilivyofunikwa hupimwa kwa kamba. Kamba ya mita 100 hutandazwa, na kwenye kila mita kijiti chembamba huteremshwa wima. Je, kimegusa mmea ulio hai, au majani makavu yaliyoanguka, au udongo mtupu? Kikigusa udongo mara 35, basi karibu asilimia 35 ya mahali pale pako wazi, na mvua kubwa itakaponyesha maji yatateremka na udongo.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Viwanja viwili vyaweza kuwa na mimea 100 kila kimoja, na aina 5 kila kimoja. Katika cha kwanza kila aina ina mimea 20. Katika cha pili aina moja, tuseme leleshwa, ina 96, na zile nne zilizosalia zina mmoja mmoja. Ahesabuye aina tu ataviandika kuwa ni sawa. Mwenye ng'ombe hatavikuta sawa hata kidogo, kwa kuwa leleshwa ina harufu kali kama ya kafuri, na ng'ombe huipita tu wakitafuta nyasi.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko kaskazini ya Nakuru, kandokando ya Ziwa Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa huko mti wa kigeni uitwao mathenge, ili watu wapate kuni na ardhi iliyokuwa tupu ipate kufunikwa. Ikafunikwa kweli. Mpimaji mwenye kamba peke yake angalirudi na habari njema. Fremu ingalitoa habari nyingine: vichaka vya miiba vilivyofungamana, na chini yake nyasi zilizokosa mwanga. Mbuzi walikula matunda yake yenye sukari, na meno yao yakaoza na kung'oka. Mwaka 2006 wafugaji wa Kiilchamus waliishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani awe ushahidi.

Hesabu ya siku moja haitoshi. Mimea mingi midogo huota wakati wa mvua ikafa wakati wa kiangazi, basi sharti mahali pale pale parudiwe. Na ziwa lenyewe huhama. Baada ya mwaka 2010 maji ya Nakuru yalipanda sana, yakaingia katika migunga ya ukingoni, na miti mingi ikafa ingali imesimama. Hata kabla ya hapo migunga hiyo haikukosa adui, maana twiga walioletwa katika hifadhi mwaka 1977 walikuwa wakiyachuna magome yake.

Yabaki majina. Mmea usiojulikana haufai kuandikwa kwa kubahatisha, wala jina la kienyeji peke yake halitoshi, kwa kuwa jina moja hupewa mimea miwili, na mmea mmoja huwa na majina matatu. Tawi lenye maua au matunda hukatwa, likakaushwa likiwa limebanwa, kisha likapelekwa Nairobi katika hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, iliyoanzwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamishwa mwaka 1950. Huko hulinganishwa na mengine hata jina lake lipatikane. Karatasi ifaayo sana kwa kulibania, kwa kuwa hunyonya maji upesi na bei yake ni ndogo, ni gazeti likiisha kusomwa.