Kidude cha Sinema Nyumbani: Mwenyewe ni Nani?

Siku hizi mwenye televisheni hatosheki na stesheni za kawaida. Hununua kidude cha kuchomeka nyuma yake, kikamvutia picha kutoka kwenye intaneti: sinema, mawaidha, hata tarawehe ya Makka. Dukani watu huuliza bei na ung'avu wa picha. Si vibaya, lakini swali kubwa husahauliwa: kitaishi miaka mingapi?

Tarehe 9 Machi 2025, kumi la kwanza la Ramadhani, vidude vya Chromecast vya toleo la pili, la mwaka 2015, viligoma katika nchi nyingi. Havikuvunjika wala kuungua. Cheti cha ndani kinachokitambulisha kidude kwa simu ya mwenyewe, chenye muda wa miaka 10, kilikuwa kimekwisha. Google walituma dawa yake kwa intaneti baada ya siku kadhaa. Baadhi ya vidude vya zamani vya Roku havikupata bahati hiyo: Desemba 2019 Netflix ilivikatia huduma kabisa.

Waama, cha kuazima hakisitiri maungo. Na hiki, ingawa umekilipia, ni nusu cha kuazima. Basi kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji: mtengenezaji ameahidi kukihudumia mpaka lini? Asiyejua, mwachie mali yake.