Bundi Mchana

Mtu apangaye kutembea Tokyo kwa miguu kutwa nzima hushauriwa aanzie Harajuku asubuhi, ateremke hadi Shibuya, na njiani aingie katika mikahawa ya wanyama: hapa paka, pale kalunguyeye, kwingine bundi. Shauri hili nalipinga, ingawa silipingi lote.

Mkahawa wa paka hauna ubaya mkubwa. Ulianzia Taipei mwaka 1998, ukafika Osaka mwaka 2004, na paka ni mwenyeji wa nyumba za watu tangu kale. Akichoka kupapaswa hujiondokea. Bundi hawezi, maana amefungwa kamba miguuni. Ni ndege wa usiku, naye hukalishwa macho adhuhuri chini ya taa, apapaswe na mgeni huyu, kisha yule, kisha mwingine. Hutulia kimya, na mgeni husema, "Tazama alivyo mpole!"

Nitajibiwa kuwa Wajapani humpenda bundi, kwani jina lake kwao, fukuro, husikika kama maneno ya kukosa taabu. Ilhali wengi wetu humwita mkosi na kumtupia mawe. Ni kweli, na ni aibu yetu. Lakini jiwe letu haliihalalishi kamba yao.

Basi mpangaji na aufute mkahawa huo katika ratiba yake, aingie bustani ya Yoyogi, iliyo jirani na Harajuku. Kunguru wakubwa wamo tele. Wakimkimbia, hana kiingilio cha kudai arudishiwe.