Barua ya Kujieleza Ilikosea Anwani

Katika ofisi moja mkoani Singida, mhazili ninayemfahamu alipewa barua ya kutakiwa kujieleza. Kosa lake ni kufungua kiambatisho cha barua pepe kilichoitwa Ankara.pdf.exe. Kompyuta aliyopewa ilificha herufi za mwisho, basi yeye aliona ankara tu, mfano wa zile azipokeazo kila juma. Kesho yake mafaili ya masjala yalikuwa hayafunguki.

Nauliza: anayepaswa kujieleza ni nani?

Hila hii ni kongwe. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kikijifanya barua ya mapenzi iliyo katika faili la maandishi, ilhali mwisho wake halisi ulikuwa .vbs. Tangu hapo mafundi wa seva wanaijua dawa: faili la kujiendesha, liwe .exe, .vbs au .js, lizuiwe kabla halijamfikia mtu. Lililofichwa ndani ya zip likaguliwe. Na chujio litazame umbo la faili, lisiridhike na jina. Gmail huyazuia mafaili ya namna hiyo bila kuombwa. Naam, pengine faili halali litakwama. Liwekwe kando, fundi alikague na kulitoa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka mkusanyaji wa taarifa azilinde. Mkusanyaji hapa ni ofisi. Mkuu wake na aifute barua ile, kisha amwulize fundi wake: .exe ilipitaje?