Gala ya Jeddah: mapigano kumi, na hakuna mwenye kusema «Simamisha»

Tuseme mara moja: gala ya catch yenye WWE ya Marekani ilifanya kule Jeddah, mu Arabia Saudia, siku ya ijumaa tarehe 7 Juni 2019, haikuwa nzuri. Waliipa jina la Super ShowDown. Hapa Luano watu waliingoja sana, juu walitangaza kwamba Undertaker na Goldberg watakutana kwa mara ya kwanza. Wengine walilipa abonema, wengine walilipa mu nyumba ya video, wengine walinunua esanse ya groupe juu ya kuogopa SNEL. Karibu saa ine mbele ya televizioni. Kiisha watu walitoka wakisema: «Wale wazee wametulia feza yetu bure.»

Siye wa sendika tulitazama pia, na ile neno hatuikubali. Twende pigano kwa pigano, kiisha kila mutu aone mwenyewe kosa liko wapi.

Pigano la kwanza lilikuwa la kupasha moto, mbele ya gala yenyewe kuanza: ndugu wawili mapacha, Usos, na wale wawili wa Revival. Usos walishinda. Kazi safi, lakini ilifanywa wakati watu wangali wanatafuta viti.

La pili: Seth Rollins alilinda mukaba wake mbele ya Baron Corbin. Corbin alikuwa anabishana na mwamuzi, Rollins akamukunja kwa nyuma, moja, mbili, tatu, kwisha. Pale njo Brock Lesnar akaingia na valizi yake, ile yenye inamupa haki ya kuomba pigano la shampiona saa yoyote. Watu wote walisimama. Rollins akamupiga na kiti, akamupiga tena na kiti, na Lesnar akarudi nyumbani na valizi yake bila kuifungua. Siye wachimbaji tunajua mambo kama haya. Ni sawa na prime ya mwisho wa mwaka: wanakuonyesha, hawakupe.

La tatu lilikuwa zuri. Finn Bálor wa Ireland, mwili mzima rangi kama shetani, na Andrade wa Mexico. Walikimbia, waliruka, kila mumoja alimulinda mwenzake wakati wa kuanguka. Catch ni hivi: matokeo yamepangwa mbele, lakini kuanguka hakupangwe, mugongo unagonga mbao kweli. Mupiganaji muzuri ni ule mwenye mwenzake anafika nyumbani muzima. Hawa wawili njo walifanya kazi usiku ule.

La ine lilituchekesha, lakini si cheko ya furaha. Shane McMahon alimushinda Roman Reigns. Shane ni nani? Ni mutoto wa Vince McMahon, mwenye kampuni wakati ule. Reigns ni nani? Ni mutu mwenye alitoka mu ugonjwa wa kansa ya damu, akarudi kazini mwezi wa pili mwaka wa 2019. Mwamuzi alikuwa chini, Drew McIntyre akaja kumupiga Reigns teke la kichwa, na mutoto wa patron akalala juu yake. Mama mumoja nyuma yetu akasema: «Hata mu catch, mutoto wa mukubwa anapandishwa grade!» Hatukuwa na jibu.

La tano: Lars Sullivan, jitu moja kubwa, peke yake mbele ya vijana watatu wa Lucha House Party. Vijana walimurukia wote watatu pamoja, mwamuzi akawatosha juu ya kuvunja sheria. Kiisha Sullivan akawapiga paka vile. Dakika chache, hakuna kitu cha kukumbuka.

La sita: Randy Orton na Triple H. Karibu dakika 26, na tuliziona kama saa mbili. Walitembea, walipumzika, walitembea tena. Orton alishinda. Triple H ni mukwe wa Vince McMahon, na ni mumoja wa wakubwa mu biro ya kampuni. Sasa hesabuni: mutoto wa patron dakika zake, mukwe wa patron dakika nyingi kupita wote. Vijana wenye kuruka vizuri wao walipewa nini? Njo kusema wakati wa kazi unagawanywa kulingana na ukoo.

La saba: Braun Strowman na Bobby Lashley. Wanaume wawili wenye nguvu za treni, walisukumana, Strowman alishinda. Si mubaya, si muzuri.

La munane lilitugusa roho. Kofi Kingston alizaliwa Ghana. Alifanya miaka kumi na moja mu kampuni akichekesha watu, akibeba mizigo ya wengine, na tarehe 7 Aprili 2019 njo alipata mukaba mukubwa wa WWE. Kule Jeddah aliulinda mbele ya Dolph Ziggler. Mu quartier watu walipiga kelele kama TP Mazembe imefunga goli. Lakini tuseme kweli: rafiki yake Xavier Woods alimupiga Ziggler teke kwa kificho, kiisha Kofi akamaliza. Ushindi kama huu unaacha ladha ya chumvi. Shampiona wa Afrika alistahili kushinda kwa mikono yake mwenyewe.

La tisa: watu 51 ndani ya ringi moja, kila mwenye kutupwa inje ameshindwa. Mansoor, kijana wa Riyadh, alibaki wa mwisho, akamutupa Elias. Stade yote ilisimama, na ni haki yao kufurahi na mutoto wao. Lakini tazameni wale 50 wengine. Walisafiri kwa ndege, mbali sana, kwa kuja kutupwa inje mu sekunde chache. Majina yao hata hayakutajwa vizuri. Siye tunawajua watu kama hawa. Ni wale wanaitwa kwa hesabu: «Tuma watu 50.»

Sasa la kumi. Goldberg alikuwa na miaka 52, Undertaker alikuwa na 54. Mu shimo, mutu wa miaka ile tunamuombea kazi ya juu, asishuke tena. Mwanzo ulikuwa muzuri, kengele, moshi, watu wanatetemeka. Kiisha Goldberg alikimbia kwa nguvu yote, Undertaker akajipindua kando, na Goldberg akagonga kichwa ku nguzo ya ringi. Damu ikashuka. Kutoka pale, kila mwenye macho aliona kwamba ule mutu hakuwa tena na akili zake zote. Undertaker alimubeba kichwa chini kwa kumushindilia, na shingo ilikuwa karibu sana na mbao. Kiisha Goldberg naye akajaribu kumubeba Undertaker juu, mikono ikakataa, na muzee wa miaka 54 akashuka karibu na kichwa. Akajaribu tena, wote wawili wakaanguka kama mifuko ya simenti. Mwisho Undertaker akamushika shingo, akamutupa, kwisha. Kisha Goldberg mwenyewe aliandika kwa watu kwamba alijigonga mupaka kupoteza akili, na akaomba radhi.

Hapa njo tunasimama. Ule mwenye kuumia njo aliomba radhi. Na kampuni?

Mu catch kuna alama. Mutu akiumia kweli, mwamuzi anakunja mikono miwili juu ya kichwa kama musalaba wa X, munganga anakuja, pigano linasimama. Alama iko. Usiku ule damu ilikuwa mbele ya macho ya dunia nzima, na pigano likaendelea mupaka mwisho. Juu ya nini? Juu lilikuwa pigano la mwisho, watu wamelipa, na serikali ya Arabia Saudia imefanya mapatano ya miaka kumi na WWE ya kuleta gala kama hizi.

Siye Wakongomani tunajua pia gala za serikali. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, mu stade ya 20 Mai, Muhammad Ali alimuangusha George Foreman mu raundi ya munane. Kila mumoja aliahidiwa dola milioni 5, na feza ilitoka kwa Zaïre ya Mobutu. Wazee wetu wanalikumbuka lile pigano kwa furaha, na kweli lilikuwa kubwa. Lakini inchi ikinunua gala kwa kuonekana vizuri, mwenye kununua hapendi kengele ilie mbele ya wakati. Kule Jeddah hata wanawake wa WWE hawakupewa pigano hata moja.

Sasa mwenye kusoma atasema: «Ninyi wa sendika, Goldberg iko na mamilioni. Mbona munamulilia?» Ni neno la haki. Goldberg hatakosa bukari. Lakini tukumbuke wale 50. Na tujue jambo lenye wengi hawajui: mupiganaji wa WWE haandikwe kama mufanyakazi. Kontra yake inasema yeye ni mutu wa kujitegemea, mwenye kuuza kazi yake kwa kampuni. Kampuni inamupangia siku, inamupangia jina, inamukataza kupigana kwingine, lakini ku karatasi yeye si wao. Akiumia mu ringi wanalipa munganga. Lakini asiransi ya ugonjwa wa kila siku, na pensheni ya uzee, ni mambo yake mwenyewe. Na sendika hawana.

Mutu mumoja alijaribu. Mwaka wa 1986, Jesse Ventura aliambia wenzake mu chumba cha kuvalia: tuunde sendika, saa hii gala kubwa iko karibu, hawawezi kutukatalia. Neno lilifika kwa patron upesi. Miaka nyuma, wakati Ventura alishtaki kampuni juu ya feza za video zake, na akashinda, njo alieleza kwamba alijua mule mu kesi nani alikwenda kusema: Hulk Hogan, nyota mwenye kulipwa kupita wote. Ventura baadaye alikuwa guvernere wa Minnesota. Sendika haikuzaliwa mupaka leo.

Na bei ya kukosa sendika tuliiona. Mwezi wa tano mwaka wa 2019 ilitimia miaka 20. Tarehe 23 Mei 1999, kule Kansas City, walimushusha Owen Hart kwa kamba kutoka juu ya paa la stade. Kamba ikafunguka. Alianguka zaidi ya metre 20, akafa. Walimubeba, wakapangusa, na gala ikaendelea. Wenzake walipigana juu ya zile mbao. Mujane wake alishtaki, na mwaka wa 2000 walimulipa dola milioni 18 kwa kumaliza kesi. Hakuna hata moja mu ile milioni yenye ilimurudisha mu nyumba yake.

Bandugu, munaposoma hii, munamuona nani? Siye tunaona vijana wetu wa sous-traitance. Kasiki ni ile ile, shimo ni lile lile, vumbi ni lile lile. Tofauti iko ku karatasi. Wa kampuni iko na numero, dispensaire, likizo. Wa sous-traitance iko na kontra ya miezi michache, na kama anafungua kinywa, mwezi wenye kuja haitwe tena. Loi ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance inapanga nani mu wenye masosieti atapata kazi za kampuni kubwa, na inataka wawe Wakongomani. Ni muzuri. Lakini kijana mwenye kushuka mu shimo, ile loi haimupe sauti. Sauti inatoka kwa wenzake.

Njo maana hatukubali kusema «wazee wametulia feza». Mukilaumu mwenye kuanguka, munamusaidia mwenye alimupandisha. Wakati kamioni imegonga, wakubwa wanasema shofere alikuwa na usingizi. Hawasemi ni saa ngapi wamemuamsha. Wakati jiwe limeshuka, wanasema mufanyakazi alikosa uangalifu. Hawasemi nani aliona ufa asubuhi na akanyamaza juu ya tani za siku.

Catch hatutaiacha, hata siye. Tutaendelea kumushangilia Kofi, na wa kwetu pia, Edingwe wa Kinshasa na wale wenye kuingia mu ringi na dawa zao za kutisha watu. Gala ya Jeddah tunaipa tatu ku kumi, na zile tatu ni za Bálor, za Andrade, na za machozi ya furaha juu ya Kofi.

Lakini wiki hii, mu kila equipe, ulizeni delege wenu neno moja: hapa kwetu, mutu akiona ufa mu ukuta, nani iko na ruhusa ya kusema «Simamisha» bila kupoteza mukate wake? Na ule wa sous-traitance, naye iko nayo? Jibu liandikwe, liwekwe saini, libandikwe ku mulango wa vestiaire. Na ninyi bamama, baba akirudi nyumbani, mumuulize kama limebandikwa.